Kilo Nilizoificha Ndege

Jumanne, 7 Machi 2006

Mchungaji ametuambia sisi wanaume tuandike makosa yetu kwa daftari, tusingoje kuyakumbuka tukiwa wagonjwa. Basi naanza. Mimi Ephantus Mungai, miaka arobaini na saba, karani wa mizani kwa kichinjio kimoja Dagoretti. Kosa la kwanza: nimeambia bibi yangu Virginia nimeshapata leseni ya dispacha wa ndege. Sijapata. Akina mama wa kanisa wote wanajua nimepata.

Dispacha hata mimi sikumjua. Mwaka jana nilipeleka nyama Wilson, uwanja wa ndege. Ndege imewashwa, rubani amekaa ndani na miwani yake nyeusi. Akatokea mama mfupi na karatasi. Akatikisa kichwa. Rubani akazima injini. Nikauliza kama huyo mama ndiye mwenye ndege. Nikaambiwa hapana, ni dispacha: anapanga mafuta, mizigo, njia na hali ya hewa, na asiposaini hakuna mtu anaruka. Nilisimama hapo mpaka nyama ikaanza kuita nzi. Kwa kichinjio nikitikisa kichwa, watu wanadhani nina shingo mbaya.

Leseni inataka vitu vitatu. Umalize kozi, upite mtihani wa serikali, ukae siku tisini chini ya dispacha mwenye leseni. Kozi yetu iko Moi Avenue, ghorofa ya nne, na hii ndiyo wiki ya mwisho. Mwalimu Harjit, mzee wa kilemba cha bluu, anachukua mwanafunzi mmoja tu wa kukaa naye Wilson. Ni mimi au Philister. Philister ana miaka ishirini na tatu na ananiita baba. Sio kwa heshima.

Leo tumefundishwa hewa. Kumbe Nairobi iko juu sana, hewa yake ni nyepesi, na jua la saa nane linaizidishia wepesi. Ndege inakimbia, inakimbia, haishiki kitu. Miaka yote hii napumua hii hewa na sijawahi kuiheshimu. Nimeshuka ngazi nikivuta pumzi kidogo kidogo.

Alhamisi, 9 Machi

Siku mbaya. Mwalimu alileta maboksi na mizani, akatupanga wawili wawili. Philister apime, mimi niandike, halafu tupige hesabu kama ndege itabeba.

Sasa, Dagoretti tuna desturi. Kila mzoga tunautoa kilo mbili, za damu itakayodondoka njiani. Sio wizi, ni desturi. Philister akisoma ishirini na tano, mkono wangu unaandika ishirini na tatu. Ukaendelea hivyo. Tulipofika kwa abiria kumi na wawili wa kwenye karatasi nikawatoa pia, kila mtu kilo mbili. Mizigo yote ikaingia na nafasi ikabaki. Niliona nimemshinda kila mtu.

Mwalimu alipima maboksi upya. Akachukua chaki, akachora njia ya kurukia ndege ubaoni. Akaweka ndege yetu, na uzito wake wa kweli, na jua la saa nane. Akaanza kuisukuma na kidole. Kidole kikapita nusu, kikapita alama ya mwisho, magurudumu bado yako chini. Akachora ua. Nyuma ya ua akachora nyumba ndogo, na mlango wake, na nguo zimeanikwa. Mimi nilikuwa nimefunga macho na bado niliiona.

Akauliza nani alipima. Nikasema Philister. Ni kweli, alipima yeye. Hakuuliza nani aliandika.

Philister akanigeukia. Akaniambia sawa baba, hata wewe utapimwa siku moja. Mwalimu akakata jina lake kwa orodha.

Ijumaa, 10 Machi

Nafasi ni yangu. Virginia amechinja jogoo. Ameniombea mbele ya majirani, kwamba mume wake sasa anashikilia maisha ya watu mkononi. Nimepewa kipapatio. Nimeona ile nyumba na zile nguo kwa sahani.

Jumamosi, 11 Machi

Nimeenda Loresho kwa Mwalimu kutubu. Sikwenda mikono mitupu, nilibeba kilo nne za mbuzi. Bibi yake, Mama Gurleen, akaniambia pole sana, hapa nyumbani hatuli nyama. Basi nikasimama kwa sebule safi na mfuko unaotonesha damu. Mwalimu akaniuliza kama hiyo inayodondoka ndiyo zile kilo mbili.

Kumbe alijua mwandiko wangu tangu Alhamisi. Alikuwa ananingoja.

Nimesema yote. Desturi, mkono, Philister, hata akina mama wa kanisa. Nimelia kidogo. Mwalimu alinipa chai. Akasema amesaini safari za ndege miaka thelathini na moja, na hajawahi kufanya kitu kikubwa kuliko kusema habari mbaya kabla ndege haijaondoka. Akasema mimi nimechelewa siku mbili, lakini ndege yangu ilikuwa ya chaki, kwa hivyo nina bahati. Philister anarudishiwa nafasi. Mimi pia atanichukua, wa pili, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Sharti moja: niandike kilichopo, sio ninachopenda.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nilijisikia mwepesi kama hewa ya saa nane. Njiani nilimpigia Philister nimwombe msamaha. Akasema amesikia, lakini tukiwa kazini kalamu atashika yeye.

Jumatatu, 13 Machi

Siku ya kwanza Wilson. Nimepima mabegi, nimeandika kila kilo, hata nusu. Philister akakagua, Mwalimu akasaini. Ndege ikakimbia, halafu kukawa na mwanga chini ya magurudumu. Mwanga mwembamba, kama wa chini ya mlango. Ile ndege imeinuliwa na hesabu tu, na sehemu ya hesabu hiyo ni yangu. Nilivua kofia. Philister hakunicheka. Naye alikuwa anaangalia juu.

Mimi ni mtu mpya. Sitadanganya tena.

Jumatano, 15 Machi

Nimepewa kitabu cha siku tisini. Kila siku mwanafunzi anajaza tarehe, hali ya hewa, ndege na kazi aliyofanya. Mwalimu anasaini mwisho.

Nimekaa chini nikafikiria. Mtu aliyetubu kabisa, ataandika nini siku ya hamsini ambacho hajui leo? Kazi ni ile ile, na ukweli wangu ni ule ule. Nimejaza zote leo mchana, zilizobaki themanini na saba. Aprili nimeweka mvua. Mei mawingu asubuhi, jua baadaye. Juni baridi. Naijua Nairobi.

Nimekuwa mkali na nafsi yangu. Tarehe 4 Mei nimechelewa kwa sababu ya jam ya magari, na nimejikaripia kwa maandishi. Tarehe 24 Mei nimeugua tumbo, sikuenda kazini. Mtu akiandika siku tisini bila kuugua hata moja, huyo ni mwongo.