Muziki wa Kijito kwa Wenye Meno Mabovu

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe amekubali! Wiki moja. Muziki wangu, redio yangu, chumba chake cha kusubiri. Namshukuru Mungu, namshukuru Mama, namshukuru na jirani aliyehama akaniachia redio kwa bei ya kutupa.

Mama mkwe ni daktari wa meno. Mimi nakaa mapokezi kwenye kliniki yake. Naandika majina, naita watu, natuliza watu. Kwenye kutuliza ndipo penye shida. Mashine ya kuchonga jino ikianza kulia kule ndani, wagonjwa hukumbuka safari. Wanaaga vizuri tu na hawarudi. Mwezi uliopita nilileta samaki kwenye tangi la kioo, watu wawatazame, mioyo itulie. Samaki wakafa mmoja mmoja mbele ya wagonjwa. Mama hakunigombeza. Alinikabidhi ndoo tu. Wangapi wana mkwe wa namna hiyo?

Tatizo ni shemeji. Kaka wa mke wangu, anayetengeneza meno bandia chumba cha nyuma. Yeye anataka runinga ukutani, mpira kutwa. Na anakitaka kiti changu, anasema mapokezi angeyaendesha huku anasugua meno. Basi Mama ameamua: wagonjwa wakiendelea kukimbia hadi Jumamosi, runinga itapanda, kiti kitakuwa cha shemeji, na mimi nitafute kazi inayonifaa. Alipofika kwenye "inayonifaa" alikuna kidevu kidogo. Nadhani alikuwa akiifikiria na haikuja.

Muziki wenyewe niliukuta ndani ya redio. Santuri moja, ya CD. Mtunzi ni mtu wa karne ya kumi na tisa, aliyependa kutembea msituni kuliko kukaa na watu. Kwanza kijito, halafu ndege, halafu dhoruba, mwisho shukrani baada ya mvua. Hakuna anayeimba. Fidla, filimbi, mabaragumu na ngoma, basi. Mara ya kwanza niliusikiliza nikipiga pasi, nikalia. Shati halikuungua. Nikasema uzuri huu haufai kuukalia peke yangu.

Jumanne, 4 Machi

Kijito! Nimekifungulia mapema, sauti ya wastani. Fidla zinatiririka chini chini, filimbi inadondoka juu yake. Chumba kikanyamaza. Dereva wa lori mwenye shavu lililovimba akafumba macho. Mama mmoja muuza viatu akaacha kutikisa mguu. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Kisha dereva wa lori akaomba ufunguo wa choo. Halafu muuza viatu. Halafu wote.

Choo ni kimoja. Foleni ikahama kutoka chumbani ikaenda ukumbini. Mama akatoka na glavu zake akaita anayefuata. Viti vitupu. Akaniuliza watu wamekwenda wapi. Sasa mimi mkwe nimtamkie mama mkwe neno choo? Nikasema wametoka kidogo. Akauliza wametoka kwenda wapi. Nikatazama dari. Shemeji, aliyekuwa mlangoni na taya la nta mkononi, akamweleza kila kitu, na kwa sauti.

Hata hivyo hakuna aliyekimbia kliniki. Walikuwa wamejipanga. Nashukuru.

Jumatano, 5 Machi

Nimeruka maji. Leo ndege peke yao. Filimbi moja inaita, nyingine inajibu kwa mbali. Nani atadhurika na ndege?

Fundi ujenzi, aliyekuja kuziba jino, alisikiliza akiwa ameinua kichwa. Nikafurahi, nikadhani muziki umemwingia. Akasema kuna ndege amenasa kwenye dari. Nikamweleza ni filimbi. Akaniambia kwa upole kwamba yeye dari anazijua. Akapanda juu ya benchi, akasukuma ubao mmoja. Vumbi la miaka yote likashuka juu ya wagonjwa, juu ya majarida, juu yangu.

Ndege hakumpata. Ubao aliurudisha vizuri kuliko ulivyokuwa, bila kudai chochote. Mtu mwema. Shemeji alileta ufagio. Nilidhani amekuja kusaidia, kumbe alikuja kuukabidhi. Nao ni msaada.

Nyumbani mke wangu akanitoa vumbi masikioni. Akaniomba niache, nimwombe radhi mama yake mapema. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Nikamshukuru kwa kunijali.

Alhamisi, 6 Machi

Nimegundua kosa. Wasikilizaji wapya hawakuandaliwa! Mtu huwezi kumtupa msituni bila kumwonyesha njia.

Basi leo nimesimama mbele yao na kuwaeleza kila sehemu kabla ya kuifungulia. Wasikilizaji wa meno ni wazuri mno. Hawabishi, maana kufungua mdomo kunauma. Nikaeleza msitu. Nikaeleza mtunzi anavyotembea na viatu vyenye matope. Hapo nilijiongezea kidogo, viatu vyake sivijui.

Fundi cherehani mmoja, mama wa makamo mwenye jino la nyuma linalomtesa, alinyoosha mkono akauliza: hicho kijito, mwishowe kinafika? Swali la maana! Nikamwambia avumilie, Ijumaa nitapiga yote, dhoruba ikiwemo. Akasema basi atakuja Ijumaa, leo jino litangoja.

Mama akaniuliza kwa nini mgonjwa ameondoka na jino lake. Nikamwambia ameahidi kurudi. Mama akavuta pumzi ndefu. Ana mapafu mazuri, Mungu amtunze.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Chumba kilijaa. Fundi cherehani kiti cha mbele, dereva wa lori karibu naye, shavu bado limevimba. Ndani, kwenye kiti cha Mama, alikuwa mwenye nyumba wetu, yaani mwenye jengo hili lote, mdomo wazi, ganzi imeshika upande mmoja. Redio ilikuwa inasikika vibaya, shemeji akaja akakaza waya mmoja bila kuombwa, sauti ikawa safi ajabu. Nikamshukuru kutoka moyoni. Nikafungulia. Kijito, watu wakatulia. Ndege, watu wakatabasamu. Nikaongeza sauti ili hata Mama kule ndani afaidi.

Dhoruba ilianza kwa mbali, fidla zikinung'unika. Mashine ya kuchonga ikaanza wakati huohuo. Zikaingiana. Halafu ngoma zikapiga zote kwa pamoja.

Mwenye nyumba alifunga mdomo. Kidole cha Mama kilikuwa ndani.

Sauti aliyoitoa Mama haimo kwenye santuri. Wagonjwa walisikia radi, mashine na Mama, wakaona hiyo ni kazi ya siku nyingine. Wakatoka wote mlango mmoja. Fundi cherehani alitoka wa mwisho, akigeuka nyuma kutazama redio. Nikaizima katikati ya radi.

Jioni Mama, kidole kimefungwa bandeji, hakupaza sauti. Alisema, "Mwanangu, kesho umkabidhi shemeji yako ufunguo wa mapokezi."

Nikasema ndiyo, Mama, ahsante. Nimekaa kitandani na viatu. Ni kweli nilipenda kile kiti. Nilipenda kuita jina la mtu mwenye hofu na kumwona anasimama. Hii ndiyo kazi pekee ambayo nimeamka asubuhi nikaitaka.

Jumamosi, 8 Machi

Nilifika mapema kuukabidhi ufunguo. Shemeji alikuwa juu ya ngazi, anapima ukuta. Akanitazama, akashuka. Aliupokea kwa mikono miwili na hakunitania. Nilitamani anitanie.

Mlango ukafunguliwa. Fundi cherehani. Nyuma yake dereva wa lori, na wengine wawili wa jana. Shemeji akawakaribisha, akataka majina. Fundi cherehani hakumjibu yeye, alinigeukia mimi.

"Jana ulituacha kwenye mvua," akasema. "Nimelala nayo kichwani. Waliokuwa msituni walipona?"

Mama akatoka. Akamwambia jino lile ni la kung'olewa leo, lisizidi kumtesa. Fundi cherehani akasema anajua, anaogopa tangu mwaka juzi, na mdomo ataufungua akishasikia mwisho, kabla ya hapo hapana. Mama akanitazama. Akatazama kidole chake. Kisha akamwashiria shemeji, na shemeji mwenyewe akachomeka redio.

Nikapeleka santuri mbele, nikaipita dhoruba. Zumari moja peke yake, polepole, kama mtu anayechungulia nje kuona kama mvua imekatika. Fidla zikamfuata. Hakuna aliyeomba ufunguo. Dereva wa lori alikuwa analia na kusingizia shavu. Mama alisimama mlangoni na kioo chake kidogo cha meno mkononi, mpaka mwisho, na macho yake yalilowa. Miaka yote hii sijawahi kumwona hivyo.

"Ungeanza na hii," akaniambia. "Hii tu. Basi."

Jino likatoka bila kelele. Wote wanne walihudumiwa, hakuna aliyekimbia. Shemeji akanirudishia ufunguo, akasema mpira ataangalia kwake. Nilimshika bega tu. Baada ya dhiki faraja, na faraja yangu imekuja na ndugu.

Jumapili, 9 Machi

Siku ya mapumziko. Nimewashukuru wote tena, mmoja mmoja, hadi mke wangu akanisihi ninyamaze. Mama nimemwahidi: shukrani tu, hakuna dhoruba.

Kisha nikakaa nikafikiri vizuri. Kwa nini walirudi? Kwa sababu ya dhoruba! Bila dhoruba nani angetaka kujua kama walipona? Kwa hiyo kasoro ya Ijumaa ni moja tu. Radi ilisikika kwa masikio, haikusikika mwilini. Mgonjwa alishtuka nusu. Angeshtuka kamili, angetulia haraka.

Nimepata spika ya pili, ya ngoma peke yake, nzito kama gunia la saruji. Kesho naingia kabla ya Mama. Inatosha sawasawa chini ya kiti cha mgonjwa kule ndani, nimeshapima. Sijamwambia. Nataka iwe zawadi, maana mwanamke yule amenivumilia sana.