Kumrudisha Mzee Ujanani

Jumatatu, 4 Agosti

Mshtuko wa kwanza wa wiki, na chai hata haijapoa! Nimemwasha Mzee, kompyuta yangu. Akakohoa, akanguruma, akaamka. Nikafungua tovuti ya bodi ya shule. Skrini nyeupe, kisha maneno: kifaa chako kimepitwa na wakati. Kimepitwa! Nimesoma tena nikiwa nimesimama. Mzee huyu huyu aliyechapa kadi za harusi yetu!

Mambo yenyewe si madogo. Ijumaa mke wangu ana usaili wa ualimu mkuu, nafasi aliyoingoja miaka na miaka. Usaili ni wa mtandaoni, na simu haikubaliki kwa sababu kuna zoezi la kuandika. Tena lazima athibitishe kwa barua pepe kabla Jumatano haijaisha, la sivyo anaitwa mwingine. Ameniuliza kwa upole kama aazime laptop ya kaka yake. Ya shemeji! Mtu asiyeweza kumaliza kikombe cha chai bila kunitania! Nimemwambia asihangaike, yuko mikononi mwa mtaalamu. Amenitazama kidogo, akaenda kupiga pasi.

Jumanne, 5 Agosti

Masalale! Nilitaka kumwekea Mzee programu mpya ya usaili. Programu moja tu inataka nafasi kubwa kuliko tumbo lote la Mzee. Nikafuta mchezo wa karata. Nikafuta kamusi. Nikafuta vitu nisivyovijua, maana visivyojulikana havina faida. Sasa Mzee hana sauti. Bubu kabisa. Nitalishughulikia.

Shemeji kapita, laptop kwapani, nyembamba mpaka unaogopa kuishika. Akauliza kama Mzee ameshaandika wosia. Nikamjibu ya kale ni dhahabu. Akasema basi tumpeleke kwa sonara. Mke wangu akacheka! Mke wangu wa ndoa!

Jumatano, 6 Agosti

Nimeugundua ugonjwa! Mzee haumwi chochote. Tatizo ni kalenda. Programu zote zinatazama saa yake, zinaona mwaka, zinamkatia tamaa. Nikairudisha saa ya Mzee nyuma miaka kumi na miwili. Nilichokiona sikukiamini. Ile kinga ya virusi iliyokufa zamani ikafufuka na kunikaribisha! Nilipiga makofi peke yangu sebuleni.

Programu ya barua pepe ililalamika kwamba kuna vyeti vya usalama ambavyo muda wake haujaanza. Nikabonyeza "kubali" kila iliponiuliza. Mwenye haraka hana maswali. Mke wangu akaandika uthibitisho wake, akausoma polepole, nami nikautuma. Ukaenda! Akanishika bega, akasema ahsante, baba watoto. Tovuti ya usaili bado imegoma, lakini hiyo ni kazi ya kesho. Shemeji atajua hajui.

Alhamisi, 7 Agosti

Karani wa bodi amempigia mke wangu simu kuuliza kwa nini hakuthibitisha. Mke wangu akasema alituma jana. Karani akasema hakuna kitu, na mwalimu mwingine yu karibu kuitwa. Mke wangu akamsihi atafute tena. Akatafuta. Barua ikapatikana chini kabisa, chini ya barua zote za ofisi, kwa sababu ilikuwa na tarehe ya miaka kumi na miwili iliyopita. Tarehe ya Mzee! Karani akauliza kama mwalimu aliitaka nafasi hii kabla shule haijajengwa.

Wamemrudisha kwenye orodha kwa huruma tu. Mke wangu hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa ukingoni mwa kitanda, viatu bado miguuni. Akasema maisha yake yote ameitaka kazi hii, na mimi nusura niipoteze kwa kumwonea haya kaka yake. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Kisha akamwita shemeji.

Ijumaa, 8 Agosti

Usaili umefanyika kwenye meza ya chakula, kwa laptop ya shemeji. Mimi na Mzee tulihamishiwa jikoni. Nikatega sikio mlangoni. Mke wangu alijibu kwa sauti tulivu, akawarekebisha wasaili mahali fulani, nao wakamshukuru! Nilipigwa na butwaa. Kumbe miaka yote hii nimelala pembeni mwa mwalimu mkuu.

Shemeji alikaa nami humo jikoni bila kunitania hata neno moja. Nilianza kuogopa. Mwishowe akamtazama Mzee, akaniuliza kwa kunong'ona kama tumpe maji.

Jumatatu, 11 Agosti

AMEPATA! Nimepiga yowe mpaka jirani akaja kuuliza nani kafa. Bodi inataka jibu la kukubali kwa barua pepe leo hii, ikikosekana nafasi inakwenda kwa mwingine. Mke wangu ameshaiandika barua kwenye laptop ya shemeji, ambayo ametuachia. Ataisoma tena na kuituma mwenyewe akitoka kazini. Ameniomba nisiguse kitu, nami nimeapa.

Laptop nimeifungua tu kuifuta vumbi. Na hapo, lahaula! Ujumbe katikati ya skrini: toleo lako linakaribia kuisha muda, sasisha. Hata hii! Mpya! Laptop ya shemeji nayo inazeeka! Nimecheka mpaka nikakaa chini.

Kisha nikaiona hatari. Ikianza kujisasisha jioni, mke wangu atakwama. Kwa bahati dawa naijua. Nimeirudisha saa nyuma, ila safari hii mwaka mmoja tu, maana mtu hujifunza kwa makosa yake. Ujumbe ukatoweka papo hapo. Na ili asihangaike akirudi amechoka, barua yake nimeshaituma kwa bodi.