Jinsi Hajra Alivyokiteka Choo cha Wakaguzi

Sogeeni, wana wa Mbekenyera! Na nyinyi wa Likunja tegeni sikio, na nyinyi wa Lionja kule Nachingwea zimeni bodaboda zenu, maana habari hii haitaki kelele. Nawasimulia vita kuu iliyopiganwa kwenye banda la kubangulia korosho, vita isiyomwaga damu hata tone, ingawa kitu kingine kilikaribia sana kumwagika.

Wanunuzi wa Ulaya walikuwa wametuma amri kuvuka bahari: hatuli korosho ya mtu aliyeonewa! Mbanguaji apewe glavu, apewe sabuni, apewe choo cha heshima. Amri ikamfikia Octavian, msimamizi wa banda, mwana wa Kagera, bwana wa funguo, mtu mwema kabisa ila mwoga wa lawama. Akajenga choo cheupe, marumaru hadi ukutani, kinang'aa hivi kwamba jogoo akipita anajiona humo, anavimba, anataka kupigana. Halafu Octavian akakitia kufuli.

"Kisije kikachafuka kabla wakaguzi hawajaja," alisema.

Na nani wa kumlaumu? Si hata kwetu sahani za maua zinakaa kabatini zikimngoja mgeni, na sisi wenye nyumba tunalia kwenye bakuli la plastiki lililopasuka? Basi glavu nazo zikalala kwenye nailoni zake, sabuni kwenye karatasi yake. Wanawake wakaendelea kupaka mikono majivu ili utomvu wa maganda usiwababue, na haja ikibana wakakimbilia porini kwenye upupu, adui asiyejali heshima ya mtu.

Ndipo akainuka Hajra binti Bashiri! Hajra mkono-wa-majivu, Hajra ambaye korosho ikimwona tu inapasuka yenyewe!

Asubuhi ya ukaguzi Octavian aliwagawia chai ya bure, waonekane wana furaha. Hajra akanywa, akaongeza, akaongeza tena. Kisha bosi akapiga marufuku kwenda porini, mkaguzi asije akaona watu wanachomoka vichakani. Ole! Mbele kufuli, nyuma marufuku, na katikati chai.

"Bosi, naomba nitoke."

"Vumilia, Hajra. Mgeni yuko njiani."

"Basi iambie na chai ivumilie!"

Bibie, jirani yake wa benchi, akamnong'oneza, "Shoga, usicheke. Ukicheka tu, umekwisha."

Akafika Doris, mkaguzi kutoka Dar, miwani usoni, kalamu mkononi. Octavian akampeleka moja kwa moja kwenye fahari yake, akafungua kufuli, akasukuma mlango, akakohoa kama mgombea ubunge.

"Mheshimiwa! Mbele yako unaona utu wa mfanyakazi ukiwa umejengwa kwa saruji! Unaona—"

Alichokiona Mheshimiwa ni kanga iliyopita katikati yao kama mshale. Mlango ukajibamiza. Komeo likalia, kah!

"Hajra! Toka! Ukaguzi unaendelea!"

"Hata mimi nakagua, bosi!"

Doris akabisha hodi kwa adabu. "Dada, samahani. Huwa mnaruhusiwa kutumia choo hiki?"

Nyundo zikasimama. Jasho likamtiririka Octavian, maana ukweli ungemlia kazi yake, na uongo ungerudisha kufuli mlangoni hadi mgeni mwingine. Na hukumu ilikuwa kwa Hajra, amechuchumaa peke yake kwenye marumaru.

"Tunaruhusiwa kuanzia leo," ikasema sauti. "Bosi alikuwa ndiyo anatangaza, mimi sikungoja amalize. Si ndiyo, bosi?"

"Ndiyo! Kuanzia leo!"

"Na glavu?"

"Na glavu!"

"Na ufunguo unakaa wapi? Sema kwa nguvu, humu ndani kuna mwangwi."

Octavian akaliangalia lile kufuli kama mtu anayeagana na mwanawe. "Kwenye msumari. Hapa nje. Kwa yeyote."

Doris akainamia karatasi zake, akaandika muda mrefu, mabega yakimtetemeka.

Kopo likagonga ndoo, maji yakamwagika, na Hajra akatoka, uso mweupe kama mbingu baada ya mvua. Vigelegele! Bibie hakungoja hotuba, aliingia. Wengine wakapanga foleni, na nyuma yao kabisa akasimama Octavian, kwa maana chai aliinywa na yeye, na kile choo hata yeye hakuwahi kuthubutu kukiingia.

"Kikoje?" akamuuliza Hajra kwa sauti ya chini.

"Kina upepo mzuri, bosi."

Hivyo ndivyo amri ya Ulaya, baada ya kuvuka bahari na milima, ilivyomaliza safari yake kwenye kile kipande kigumu kuliko vyote: kutoka kwenye benchi hadi mlangoni. Na aliyeimalizia ni Hajra binti Bashiri, akikimbia. Atajwe kwa heshima Ruangwa yote na Nachingwea yote, na kila anayekaza miguu kwenye foleni amwombee dua.