Mashamba Yote Yatakuwa Halisi

Idara ya Uhalisi wa Mashambani, Wilaya ya Saint-Amadis, ina furaha kuutangazia umma kwamba kuanzia tarehe mosi Septemba, saa mbili kamili asubuhi, mashamba yote ya wilaya yatakuwa halisi.

Tangazo hilo nililiandika mimi, Firmin Roubinel, Katibu wa Idara, na sioni haya kusema kwamba lilinitoa jasho. Watu wengi hawajui tulikotoka. Kwa karne nyingi mashamba yetu yalijiendea tu kiholela: mtu anakamua mbuzi wake, anagandisha jibini, anasindika zabibu, bila kibali, bila mhuri, bila yeyote wa kuthibitisha kwamba kweli anafanya hivyo. Wageni wanakuja kutoka Uholanzi na Ubelgiji, wanakula bata, wanakunywa mvinyo, wanarudi kwao wamefurahi, na hakuna aliyejua kama furaha ile ilikuwa na msingi wowote.

Mkurugenzi wetu, Bwana Gonzague Lasserve, ndiye aliyekomesha mchezo huo. Ni mtu wa Paris, au ndivyo apendavyo kusema. Huongea kwa ncha ya ulimi, kama watu wa huko, na hula ndizi kwa kisu na uma. Husema kila siku kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma, na maneno hayo ameyatundika ukutani juu ya kiti chake. Baada ya vikao kumi na tisa na tathmini shirikishi moja, ambamo wadau walishirikishwa kwa kutumiwa barua, tulitoa Waraka Namba 14 kuhusu ziara za vikundi vidogo za chakula na mvinyo.

Waraka uko wazi. Kikundi kidogo ni watu wanane mezani, asizidi hata mmoja, maafisa walio kazini wakiwemo. Mvinyo utanywewa kwa glasi yenye mguu. Afisa wa Idara atakayeonekana akiunywa kwa chombo kingine atavuliwa wadhifa siku hiyo hiyo, kwani ataishushia Serikali hadhi. Anayesamehewa ni mwenyeji halisi aliyeandikishwa tu, maana huyo hana hadhi ya kushushwa. Na kila shamba lionyeshe wenyeji halisi wasiopungua watatu, wakitenda mila zao mbele ya wageni bila kuelekezwa, bila kulipwa na bila kuangalia simu. Shamba lisilo na watatu lisipokee mgeni.

Hapo ndipo tulipokutana na Mama Odile Chastrusse.

Mama Odile ana miaka sabini na minne, na shamba lake liko juu ya kilima, pale barabara inapoishia. Kila Alhamisi dada mmoja anayeitwa Perrine humletea wageni wanane kwa basi dogo. Wanakula kwake mchana, wanabeba jibini, wanaondoka. Nilikwenda kumkagua mwezi wa Juni. Nilimkuta amesimama mlangoni na aproni yake, peke yake.

“Wenyeji wengine wako wapi, mama?” nilimuuliza.

“Wengine nani? Léonce tumemzika mwezi wa pili. Yvette kachukuliwa na binti yake, yuko Bordeaux ghorofa ya sita, anaogopa lifti.”

“Waraka unataka watatu.”

“Kuna Raymond.”

Nilifurahi, nikatoa kalamu. “Raymond ni nani wako?”

“Bata dume.”

Nilimweleza kwa upole kwamba bata hawezi kuandikishwa kama mwenyeji, kwa kuwa anaweza pia kuliwa na wageni, na hapo pangetokea mgongano wa maslahi. Nikaandika: mwenyeji mmoja, pungufu wawili. Mama Odile akaitazama ile karatasi.

“Sikiliza, mwanangu,” akasema. “Tangu Marcel wangu afe, Alhamisi ndiyo siku pekee ninayobandika sufuria kubwa. Siku nyingine nakula yai, tena nimesimama. Mkinifungia Alhamisi, hiyo sufuria nimpikie nani?”

Sikatai, maneno hayo yalinichoma. Lakini Waraka hauna kifungu cha yai. Nilimwambia kwamba ukaguzi wa mwisho utafanywa na Kamati nzima, Alhamisi ya pili ya Septemba, na kwamba akipata wenyeji wengine awajazie Fomu Namba 6, ya kuandikisha wenyeji. Akaomba fomu. Nikampa mbili. Akasema nimwongezee, watu wa huku mikono yao ina mafuta, karatasi zinachafuka. Nikampa kumi, na nikazigonga mhuri kabisa ili kumpunguzia safari. Sisi Idarani tunamjali mwananchi.

Siku ya ukaguzi tulifika saa sita mchana kwa magari manne. Alikuwepo Mkurugenzi, nilikuwepo mimi, Afisa Jibini, Afisa Mvinyo pamoja na msaidizi wake, mtaalamu wa usalama wa vizibuo, bwana mmoja wa Takwimu, na mwingine ambaye kwa miaka minne sijaijua kazi yake, ila penye chakula hakosi. Basi la Perrine lilikuwa limetangulia. Wageni wake wanane walikuwa wamesimama uani, wamevua kofia, wanaangalia dirisha la jikoni kwa matumaini.

Tukaingia tukaketi. Perrine akatufuata chumba cha kulia.

“Samahani jamani, na wageni wangu?”

“Kikundi kimejaa,” akajibu Mkurugenzi, akifunua leso ya mezani.

“Kimejaa nani? Kikundi si ndio wale! Wameshika nafasi tangu Machi!”

“Dada, punguza sauti. Kikundi kidogo kikizidi wanane si kidogo tena, na ziara nzima inakosa uhalali. Unataka wageni wako wale kwenye ziara haramu?”

“Yaani mmekuja kuhakikisha wageni wanakula vizuri, na wao ndio hawali?”

“Nashukuru umeelewa,” akasema Mkurugenzi.

Perrine alifungua mdomo, lakini Mama Odile alimgusa bega. Alisema wageni waende jikoni, kuna meza ya kukatia mboga, wabanane. Niliupitia Waraka haraka haraka. Kweli, meza ya kukatia mboga haikutajwa. Kisha bibi yule akamgeukia Mkurugenzi, akamkazia macho.

“Wewe si mtoto wa Germaine, wa kule kwenye kinu cha maji?”

“Unanifananisha, mama. Mimi mtu wa Paris.”

“Haya. Masikio ni yale yale lakini.”

Akaenda zake jikoni. Mkurugenzi alijikuna sikio moja, halafu akaagiza kikao kifunguliwe.

Supu ililetwa kwa sahani za kina, zimepashwa moto. Ilikuwa supu ya vitunguu saumu iliyokaangwa kwa mafuta ya bata, yai limechanganywa ndani, na vipande vya mkate mkavu vimelala chini. Glasi zenye mguu zilikuwepo, zimepangwa kwa kufuata Waraka. Ila kando ya kila sahani, upande wa kulia, Mama Odile aliweka pia chupa ya mvinyo mwekundu isiyo na nembo, imeshafunguliwa. Mtaalamu wa vizibuo alisikitika kidogo.

Mkurugenzi alikula kijiko cha kwanza ameketi wima. Cha tatu akalegeza tai. Kufikia cha saba viwiko vyake vilikuwa mezani, na mimi niliyefanya naye kazi miaka tisa sikuwa nimewahi kuviona viwiko vile. Hata yule bwana asiye na kazi alikula kwa adabu, macho chini, kama mtu aliye msibani kwa ndugu wa karibu.

Sasa kuna jambo moja la kueleza. Huku kwetu supu haimalizwi kwa kijiko. Inabakizwa kidogo chini, mvinyo mwekundu unamiminwa juu yake, sahani inazungushwa, inainuliwa kwa mikono miwili na kunywewa ukingoni. Tunaita kupiga shabro. Hakuna anayefundishwa, mtoto humwona babu yake, basi. Kamati iliijadili mila hii kwa vikao viwili na ikaona inawafaa wenyeji tu.

Sahani ya Mkurugenzi ilipobaki na supu ya vijiko viwili, mkono wake wa kulia, bila kupata idhini ya mwenye nao, uliishika chupa. Ukamimina. Akaizungusha sahani mara mbili, akaiinua, akanywa mpaka tone la mwisho, akajifuta mdomo kwa nyuma ya kiganja na kusema, “Aaah.”

Afisa Mvinyo alimwangalia bosi wake, akaangalia sahani yake, akamimina. Msaidizi akamfuata mkubwa wake. Afisa Jibini alikuwa ameshamaliza kabla yao. Mtaalamu wa vizibuo na yule bwana asiye na kazi wakapiga pamoja. Bwana wa Takwimu alipiga mara mbili. Mimi nilikuwa wa mwisho, na ni kwa sababu nilikuwa nikiandika muhtasari. Nisingependa idhaniwe nilisita.

Hapo tukasikia makofi. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na wageni wote wanane wamejazana pale na simu zao juu. Mbele yao alisimama Mholanzi mmoja mrefu, Bwana Joost, daktari wa meno mstaafu, machozi yakimlengalenga.

“Miaka kumi na mbili natembea Ufaransa,” alisema, “sijawahi kuona kitu kama hiki. Mama, hawa ni wenyeji?”

“Ndiyo, baba,” akasema Mama Odile. “Wote wanane.”

Mkurugenzi aliiweka sahani chini taratibu. “Katibu,” akaninong’oneza, “kile kifungu cha glasi kinasemaje?”

Nilimsomea kwa sauti, kama inavyotakiwa. Nilipofika kwenye kuvuliwa wadhifa siku hiyo hiyo, mtaalamu wa vizibuo alianza kujipepea kwa leso. Mkurugenzi akauliza kama hakuna msamaha. Nikamjibu kwamba upo, kwa mwenyeji halisi aliyeandikishwa.

Mama Odile akatia mkono kwenye mfuko wa aproni, akatoa Fomu Namba 6. Alizihesabu nane, akarudisha mbili mfukoni. Zilikuwa safi kabisa, hata doa la mafuta halikuwepo, na mhuri wangu uling’aa juu ya kila moja.

“Hii ni hila!” Mkurugenzi akasimama. “Umetutega!”

“Nimekutega na nini, Gonzague? Kuna aliyekuelekeza? Kuna aliyekulipa?”

“Na simu hakuangalia,” akasema Perrine kutoka mlangoni. “Simu zilikuwa za wageni.”

“Sheria ni msumeno, bwana,” akasema bwana wa Takwimu, ambaye hakuwahi kusema chochote katika vikao vyote kumi na tisa. Tulitia sahihi kabla bata hajaletwa.

Kwa kuwa shamba lilikuwa sasa na wenyeji tisa, Mama Odile alipewa cheti palepale, chenye alama za juu kuliko yeyote wilayani. Aliomba akisome mwenyewe. Alikisoma hadi mwisho, akakikunja, akaketi kwenye kiti kilichokuwa karibu. Kisha akamwuliza Perrine wageni wa wiki ijayo ni wangapi, maana itabidi aazime sufuria ya pili.

Utekelezaji unaendelea vizuri. Waraka unawataka wenyeji wote walioandikishwa wawepo kila siku ya wageni, kwa mavazi ya kazi. Kwa hiyo kila Alhamisi Kamati huwa kwa Mama Odile, na ovaroli za bluu. Wageni wanakaa mezani. Sisi tunakaa benchi la ukutani, kwa kuwa wenyeji hawahesabiwi kwenye kikundi. Mkurugenzi ameandaa pendekezo la kuufuta Waraka mzima. Bahati mbaya vikao vya kurekebisha nyaraka hufanyika Alhamisi, na Alhamisi akidi haitimii.

Juzi tulipokea malalamiko yetu ya kwanza. Mama mmoja wa Utrecht ameandika kwamba ziara ilikuwa nzuri, supu nzuri, lakini yule mzee wa mwisho kwenye benchi, mwenye masikio makubwa, si halisi. Anaongea kwa ncha ya ulimi, ameandika, na inaonekana wazi ni mtu wa mjini aliyekodiwa kujifanya mkulima. Ameiomba Idara imwondoe.

Nilimpelekea Mkurugenzi barua hiyo mezani kwake, kwa kuwa malalamiko yote hupitia kwake. Aliisoma mara moja. Akaisoma tena. Hapo ilikuwepo nafasi yake ya kuchomoka, imeandikwa na kutiwa sahihi. Angegonga mhuri tu, Alhamisi zake ziishe.

“Mimi si halisi?” alipiga kelele hadi watu wa ghorofa ya chini wakasikia. “Mimi! Mtoto wa Germaine wa kinuni!”

Kauli hiyo nimeiingiza kwenye faili, na nakala nimempelekea Mama Odile.