Firigisi Iliyopotelea Kwenye Uyoga

Kwa Dada Benta, Mwenyekiti,
Umoja wa Watu wa Magharibi, Gatongora, Ruiru.

Dada Mwenyekiti,

KUH: KUNYIMWA FIRIGISI NYUMBANI KWANGU MWENYEWE

Salamu kwako na kamati yako. Mimi ndiye ninayeendesha Eneo la Viwanda Thika. Usishangae. Asubuhi nisipofika na ufunguo wa geti, malori yanapanga foleni mpaka barabarani na mameneja wananipigia simu wakiniita mzee wetu. Mtu wa namna hiyo akirudi nyumbani anastahili kuku wa kukaangwa, firigisi ikiwa juu. Sasa sikia yaliyonipata Jumapili.

1. Mke wangu Wilkister alitoka kliniki akasema presha yangu haitaki mafuta. Presha ni yangu na sikuulizwa. Akaazima kwa jirani, Mama Prabha, ile sufuria yenye matundu, akampika kuku kwa mvuke, na tangawizi na uyoga. Dada, mvuke ni dawa ya mafua. Kuku alitoka mweupe kama mtu aliyepokea habari mbaya.

2. Uyoga wenyewe ulitoka kwa pakiti. Uyoga ninaoujua huota kwenye kichuguu baada ya mvua, na babu yangu aliuchuma huku chui akimngoja amalize. Huu wa pakiti ukiiva unakuwa na rangi ya tope, na kwao hakujulikani. Niliapa hautapita koo hili.

3. Tulikuwa na mgeni, Kyengo, kijana wa Machakos anayetaka kumwoa binti yetu. Nilitaka aone mwenye boma ni nani. Wewe unajua kwetu firigisi ndiyo kiti: anayeila ndiye mkuu wa nyumba. Nikapekua sahani yangu, hakuna. Nikamuuliza Wilkister kwa upole, akaniambia kula baba, chakula kinapoa.

4. Kyengo alikula kila kitu, akalamba vidole. Alikuja akiniita mzee. Baada ya kula akaanza kuniita baba. Kisha akachukua rimoti, akatoa taarifa ya habari, akaweka mpira. Naamini mamlaka yamehama.

5. Jumamosi wazee wa Kyengo wanakuja kuongea mahari. Nitakaaje mbele yao wakati mtoto wao ndiye mkuu wa nyumba yangu? Naomba kamati iketi kabla ya hapo, iamuru Wilkister anirudishie firigisi, ya kukaanga, mbele ya mashahidi. Najua wewe ni mwanamke na firigisi hamkuzoea kuijadili, lakini kiti ni kiti. Nikikosa haki, nitakaa na ufunguo wa geti mfukoni tuone nchi itakula nini.

Nisalimie wanachama wote, hata wale wa Githurai 45 wasiojibu salamu zangu.

Ni mimi, kwa heshima na njaa,
Tobias Lusweti

N.B. Nilipokuwa nikitafuta bahasha, Wilkister ameisoma barua hii akacheka mpaka akakaa chini. Anasema firigisi aliikata vipande na vyote akaniwekea mimi, kama kawaida. Ni kweli nilichagua kila kipande cha rangi ya tope nikamsukumia Kyengo. Vingine vilikuwa vigumu kwa uma. Nikadhani ndivyo uyoga wa pakiti ulivyo. Barua naituma hivyo hivyo, maana Jumamosi bado inakuja. Ila tafadhali, usiisome mbele ya wanaume.