Sufuria Iliyofaulu Kila Mtihani

Jumanne, 19 Juni 1934

Maulidi yamebaki siku sita. Wazee wa msikiti wetu hapa mtaani Ampisikina hawajaamua nani asimamie upishi: mimi, niliyesimamia miaka kumi na moja, au Mroivili, aliyejua kukata kitunguu juzi. Sufuria yangu imepasuka. Atakayeleta iliyo njema ndiye atakayeshika mwiko. Mroivili asiuguse!

Jumatano, 20 Juni

Nimekwenda mtaa wa Tsaramandroso kwa Saindou, muuza vyombo vikuukuu. Sufuria ya chuma cha kusubu, ya watu hamsini, kwa bei ya kuku wawili. Rahisi mno, nikaipima saa nzima. Unene sawa pande zote. Masikio imara. Nikaigonga kwa ufunguo. Ililia kama ya marehemu mama kule Andilana, kisiwani Nosy Be, nilikoondoka miaka arobaini sasa. Nikaigonga tena, bila haja. Ndani nyeusi, laini, imeiva kwa mafuta ya miaka mingi. Haitashika kutu. Nimenunua.

Alhamisi, 21 Juni

Nimeionyesha barazani. Nikaeleza unene, mlio, weusi. Wazee wameridhika. Mroivili akapitisha kidole ndani, akanusa.

“Fundi, wewe uliyesoma vitabu vyote, haya ni mafuta ya mnyama gani?”

Nikasema ng'ombe. Akataka kujua kama ng'ombe huyo alikuwa na pembe.

Mbio hadi kwa Saindou. Akasema, bila haya, kwamba sikumwuliza: sufuria ilitoka kwa Mfaransa mpika soseji za nguruwe. Na Saindou mwenyewe ni Mwislamu! Anasema yeye huuza chuma, hauzi mafuta.

Ijumaa, 22 Juni

Sheria iko wazi: kuondoa mafuta yote, kisha kuosha mara saba, mara moja kwa udongo. Rabiata, mke wangu, amekataa kuisogelea. Amesema kama naipenda hivyo nilale nayo uani. Nimekwangua kwa majivu na mchanga hadi viganja vimechubuka. Mwosho wa saba, kikatokea kidoa cha kijivu kwenye kitako, ukubwa wa dengu. Nimekibonyeza: kigumu. Alama ya kiwandani, bila shaka. Sikumwambia mtu. Wazee wameipokea. Mwiko wangu!

Jumatatu, 25 Juni

Mwiko nilikuwa nao nusu saa tu. Kidoa kilikuwa nta na masizi, kimeziba tundu. Nta ikayeyuka. Mchuzi wote ukashukia motoni, moto ukazimika, moshi ukawaingilia wasomaji katikati ya kisomo. Walikohoa kwa zamu.

Mroivili akasema wenzangu hupika kwa moto, mimi nimeupikia moto chakula. Akaleta sufuria yake, mbaya, ina kutu ukingoni. Haivuji. Mzee Attoumane akanitoa mwiko mkononi polepole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Nikapewa vitunguu.

Jumatano, 27 Juni

Nimefikiri sana. Kosa lilikuwa maji. Chuma kizuri hakistahili kuoshwa mara saba. Hata mtu angetoboka. Nikaenda kwa Saindou anirudishie pesa zangu. Amekataa, lakini amenitolea kifuniko cha sufuria ileile. Sikujua kwamba kipo! Kizito, cheusi, bei ya yai. Nimekigonga: mlio safi kabisa. Kuhusu mafuta sikuuliza, kwa kuwa kifuniko hakigusi mchuzi.

Nimekinunua. Mwakani tutaona nani atashika mwiko.