Ombi la Kumuunganisha Mwenyezi Mungu Katika Kesi ya Mfupa

Kutoka kwa Ardith Fugate,
Barabara ya Stony Lick, Kentucky.

Kwa Mheshimiwa Jaji Burchett,
Mahakama ya Shirikisho.

YAH: MFUPA WA SHEMEJI YANGU

Mheshimiwa Jaji,

Nakusalimu kwa upendo wa Bwana, nikitumaini barua hii itakukuta wewe na nyumba yako mkiwa na afya, hasa ya koo. Wakili wangu, kijana mzuri niliyeletewa na kampuni ya bima, aliniambia, "Mama Fugate, nakusihi, usimwandikie jaji." Mimi ni mtu mtii. Ndiyo maana yeye sijampa nakala.

Kwanza nishukuru. Shule niliishia darasa la tisa, na miaka yote nilidhani Mahakama ya Shirikisho ni ya watu wanaochapa noti bandia. Sikujua kwamba ina nafasi hata ya mpishi wa kanisa. Naiona heshima niliyopewa, ingawa sikuiomba.

Ili usichoshwe na yale makaratasi ya mawakili, nikukumbushe kesi yenyewe kwa lugha ya jikoni. Kila Agosti kanisa letu la Stony Lick hufanya Jumapili ya Kurudi Nyumbani, na ibada ikiisha tunakula burgoo, mchuzi mzito wa nyama za kila aina, pale uwanjani. Chungu ni kimoja, cha chuma, unaweza kumwogeshea ndama. Kila nyumba huleta nyama yake, na desturi yetu tangu migodi ilipofungwa ni hii: wakati wa kutia nyama wote tunainamisha vichwa na kufumba macho tukiomba, na mmoja mmoja anapita kutia alicho nacho. Aliyeleta paja la ng'ombe na aliyeleta kindi mmoja mkondefu wanaondoka chunguni wakiwa sawa. Hakuna anayejua nani katia nini, na hakuna anayeuliza.

Mwaka jana shemeji yangu Thurman Oakes, mume wa mdogo wangu Lavonne, alivuka mto kutoka kwao Ohio, akala bakuli baada ya bakuli, na mfupa ukamkwama kooni. Ilibidi apasuliwe huko Cincinnati. Alipona, Bwana asifiwe, na sauti ilipomrudi aliitumia kumwita wakili.

Basi Thurman wa Ohio akalishtaki kanisa la Kentucky, na kwa kuwa ni majimbo mawili, kesi ikaja kwako. Kanisa likajibu kwamba lenyewe halipiki. Mashemasi walipoulizwa nani alitia nyama yenye mfupa, walisema kweli tupu: "Tulikuwa tumefumba macho." Kwa kuwa hakuna aliyeona, kanisa likawavuta kesini watu wawili waliokuwa wameshika mwiko. Mimi, na Lavonne. Ndiyo, Mheshimiwa, Lavonne huyohuyo, mke wa mdai.

Nilimuuliza wakili, "Mwanangu, Lavonne ni wa Ohio na mumewe ni wa Ohio. Anaingiaje humo?" Akanieleza kwa subira kwamba mahakama yako ikishaishika kesi moja kihalali, inayo mamlaka ya ziada ya kubeba na madai mengine yaliyotoka katika tukio hilohilo. Ila Thurman mwenyewe haruhusiwi kumdai mkewe humo, maana wote ni wa jimbo moja na huo ungekuwa mlango wa nyuma. Kanisa ndilo linaruhusiwa.

"Kwa hiyo," nikasema, "mume hawezi kumshtaki mkewe, lakini anaweza kulishtaki kanisa, na kanisa likamshtakia."

Akavua miwani, akaifuta. "Mama, sisi hatusemi hivyo."

"Mnasemaje?"

"Tunasema kwa kirefu zaidi."

Tulipoapishwa na kuulizwa kila mmoja alitia nini, mimi nilitaja kuku na Lavonne akataja sungura. Wakili wake akaandika madai dhidi yangu kwamba mfupa ni wa kuku. Wangu akajibu kwamba ni wa sungura. Mimi na mdogo wangu tumekoroga chungu kile kwa mwiko mmoja, mikono minne, tangu mama yetu alipotuachia kazi. Sasa mawakili wamesema tusisemezane hadi kesi iishe. Simu yake ya Jumapili jioni, tuliyokuwa tukichambulia mahubiri na kofia za watu, haijalia tangu Krismasi.

Baada ya hayo, naomba kwa unyenyekevu kuwasilisha malalamiko yangu.

1. Kwamba mahakama imekuwa na choyo. Ikiwa kweli kilichotoka chungu kimoja kinabebwa pamoja, mbona mmebeba kidogo hivi? Mchungaji wetu hakuvutwa. Siku ile alihubiri juu ya Yona tumboni mwa samaki mpaka watoto wakaanza kutafuna vitabu vya nyimbo. Tulipofunguliwa mlango, watu hawakula, walimeza. Naomba aunganishwe. Na yule samaki aitwe kama mfano: alikwamiwa na nabii mzima, mwenye ndevu na makubazi, akamtapika ufukweni na hakumshtaki mtu.

2. Kwamba kuku wangu anasemwa vibaya katika kila ukurasa naye hana wakili. Alikuwa mkazi wa Kentucky tangu yai.

3. Kwamba mmemwacha marehemu mama yetu, aliyetufundisha kwamba nyama isiyo na mfupa ni maji ya moto tu. Mpelekeeni hati ya kuitwa mahakamani. Yupo nyuma ya kanisa, safu ya pili, na hahami. Akiwajibu naomba nijulishwe, maana nina swali langu kuhusu biskuti zake ambalo sikuwahi kumuuliza.

4. Kwamba sijapewa nafasi ya kumdai Lavonne yale yangu. Wakili anasema mdaiwa anaweza kumdai mdaiwa mwenzake kwa jambo lililotoka katika tukio lilelile. Vizuri. Namdai kwamba siku ile alivaa gauni la njano bila kuniambia, nami nilivaa la njano, tukasimama pale chunguni kama mahindi mawili. Namdai kwamba alionja akasema, "Dada, chumvi imetosha," na haikuwa imetosha. Namdai kwamba kati ya wanaume wote wa Kentucky alikwenda kuolewa ng'ambo ya mto na mtu asiyetafuna, maana bila ndoa ile kesi isingekuwa ya majimbo mawili na wewe ungekuwa umepumzika. Na namdai kwamba hapigi simu.

Wakili alisema hilo la mwisho si dai linalotambuliwa na sheria. Nikamwambia, "Basi ondoa yale mengine, uliache hilo."

5. Hili ndilo kubwa, tafadhali kaa vizuri. Wakili alinieleza kwamba kuna mtu ambaye kesi haiwezi kuamuliwa kwa haki bila yeye kuwemo. Na kama kumwingiza mtu huyo kunavunja mamlaka ya mahakama, basi mahakama inaweza kuifuta kesi nzima. Nilimfanya aliseme mara ya pili, nikaenda kuchota maji ya kunywa, nikakaa.

Sasa fikiri nami. Nani aliona kilichotiwa chunguni? Sisi sote tulifumba macho. Mmoja tu hakufumba, na tulikuwa tukizungumza naye dakika ileile, kwa hiyo hawezi kusema hakuwepo. Kuku ni wake, sungura ni wake, na ndiye aliyemuumba Thurman akampa koo jembamba kuliko tamaa yake. Hakuna haki katika kesi hii bila Yeye. Naomba Mwenyezi Mungu aunganishwe.

Utauliza, ni mkazi wa jimbo gani? Kwamba ni wa Kentucky hilo halina ubishi, muulize mtu yeyote hapa. Lakini Thurman mwenyewe, akiwa ameapa, alisema, "Mungu alikuwa nami Cincinnati." Cincinnati ni Ohio. Basi mdaiwa ni wa Ohio na mdai ni wa Ohio, na kwa sheria yako mwenyewe huna mamlaka tena. Kesi ifutwe.

Nilimpigia wakili kumweleza. Akasema, "Mama Fugate, huwezi kumpelekea Mungu hati."

"Nampelekea kila asubuhi, mwanangu," nikamjibu. "Wewe ndiye hujui anwani."

Ifute kabla ya Agosti, Mheshimiwa. Mashemasi wameingiwa na hofu. Wanasema mwaka huu kila mfuko wa nyama uandikwe jina la mwenyewe, na nyama itiwe macho yakiwa wazi, ili siku nyingine tuwe na ushahidi. Yupo mtu hapa kwetu, jina lake halikuhusu, ambaye hatakuja na kindi wake akitazamwa. Na mimi nitakoroga mwiko ule na nani? Kanisa limenipa shemasi wa kunisaidia. Anakoroga kinyume.

Msalimie karani wako, na yule mlinzi wa mlangoni aliyenitoa pini zote za nywele siku ile nilipokuja kuapa; mwambie simlaumu, ingawa niliingia kwako nikifanana na ufagio. Wasalimie mawakili wote. Tunawaombea kila Jumatano, na tunaona bado kazi ipo.

Wako katika Bwana, mdaiwa asiyependa,
Ardith Fugate

Nyongeza: Wakili amenipigia sasa hivi, bahasha sijaifunga. Anasema umeamuru wote tuje mbele yako Jumanne kutafuta suluhu, kila mtu mwenyewe na si kwa mwakilishi, na kwamba kwa kuwa kanisa lilituvuta pamoja, mimi na Lavonne tutakaa benchi moja. Nikamuuliza, "Benchi moja? Mpaka mchana?" Akasema, "Hata mchana mtakula hukohuko, Mama. Na kusalimiana si kosa."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, hayo yote niliyoandika juu yasahau. Mwenyezi Mungu mwache, asisumbuliwe. Mamlaka yako ni halali, na ya ziada ni halali, na kama ipo ziada ya hiyo ziada, nayo naikubali. Tafadhali usiifute kesi kabla ya Jumanne, na siku hiyo usiwe na haraka. Hata wewe hubiri kidogo. Nitakuja na mikate ya jibini na pilipili tamu, ya watu wawili. Wa Thurman nitaukata vipande vidogo vidogo.

Nitavaa njano.